Meza ya Kiti Kimoja

Jumatatu hiyo, saa saba kasoro robo, Benedicta alikuwa akisonga ugali wa watu arobaini na watatu katika jiko la kiwanda cha mbao, nje kidogo ya Mafinga. Alikuwa amevua ndala, maana ugali wa sufuria kubwa hausongwi na mtu anayeteleza. Unakanyaga chini, unashika mwiko kwa mikono miwili, unasukuma kwa mgongo. Maharage yalikuwa tayari. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na moja, na malalamiko yaliyowahi kumfikia yalikuwa mawili tu, yote ya chumvi, yote ya mtu mmoja.

Siku hiyo Filemoni, msimamizi wa kiwanda, alikuwa amefunga runinga kubwa ukutani bwaloni. Alisema ni zawadi ya mwenye kiwanda, ili wafanyakazi wasitoke nje ya geti saa ya mapumziko wakarudi wamechelewa. Akachomeka flashi aliyoipata dukani kwa Zuena, pale stendi, ikatokea sinema ya familia moja ya nchi za mbali, theluji mlangoni, na bibi mnene anakaanga vitunguu.

Sinema ilikuwa imetafsiriwa na Lusekelo wa Mbeya. Kuanzia Tunduma mpaka Iringa hakuna asiyeijua sauti ya Lusekelo. Yeye hatafsiri tu. Anasimulia, anachekesha, anagombana na wahusika, anawaonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Na alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyewahi kumwambia aiache: watu wa kwenye sinema wakiketi kula, aliwasemea, "Karibuni." Wenyewe hawajasema hivyo. Wanakula kimya, wanatazamana wao kwa wao. Lakini Lusekelo alilelewa na bibi yake Tukuyu, na kutia kijiko mdomoni mbele ya watu bila kuwakaribisha ni aibu ambayo asingekubali impate mtu yeyote, hata mtu wa kwenye sinema.

"Karibuni," alisema Lusekelo, bibi yule alipoweka bakuli mezani.

"Asante," wakajibu wafanyakazi, bila hata kuinua macho, jinsi ambavyo wangemjibu jirani.

Maana adabu yenyewe iko hapo. Ukikaribishwa ukasema asante, umeshukuru na umekataa. Mwenzako ale kwa amani. Ukisema nakaribia, nawa mikono. Sasa Yotamu, mpakiaji wa magogo, alikuwa wa mwisho kwenye foleni na tumbo lilikuwa linamuuma kwa njaa, akasema, "Nakaribia." Alipofika mbele ya sufuria alirudisha sahani.

"Dada, nisamehe. Nimeshiba."

Akapiga mbweu. Ilinuka vitunguu, nyama, na jani fulani ambalo Benedicta hakulijua jina.

"Ungesema mapema," Benedicta alimwambia, akarudisha tonge sufuriani.

Jumanne waliosema nakaribia walikuwa sita. Jumatano waliitikia wote, kwa sauti moja, "Tunakaribia," na Benedicta akabaki na sufuria nzima ya ugali ambao haukuguswa. Mume wake, Dastan, ambaye alikuwa mwendesha msumeno mkubwa, alipita dirishani akamwambia kwa kunong'ona kwamba nyama ilikuwa laini lakini haikufikia maharage yake. Dastan alikuwa mtu wa namna hiyo. Nyumbani walikula mlango ukiwa wazi, na kila aliyepita barabarani, hata mwenye baiskeli aliyeshika mteremko, Dastan alimpigia kelele karibu.

Filemoni si mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, kwa sababu mtu mbaya unamjua na unajiandaa. Yeye alikuwa mtu wa kutazama na kupunguza. Aliyatazama yale masufuria siku tatu, na Jumatatu iliyofuata kuni hazikuletwa. Masufuria yalisuguliwa yakapinduliwa juu chini. Benedicta hakufukuzwa, ila kwenye barua yake ya kazi neno mpishi lilikatwa kwa rula, juu yake pakaandikwa mteuzi wa sinema. Mzee mmoja wa idara ya kunoa misumeno aliisoma barua, akampa hongera ya kupanda cheo.

Basi kazi yake ikawa kwenda stendi kila asubuhi na flashi mfukoni. Duka la Zuena lilikuwa na kompyuta moja, kiti kimoja cha wateja, na Zuena mwenyewe nyuma ya meza, ushungi kichwani, akiwa ameangalia kila sinema aliyonayo. Watu walimwendea kwa ushauri kuliko wanavyomwendea daktari.

"Kamwene, dada Zuena. Leo nataka za kupika."

"Kamwene. Za kupika ninazo nyingi tu. Kuna ya harusi ya siku tatu, kondoo mzima anazungushwa kwenye moto. Kuna ya mpishi wa meli. Kuna ya binti na bibi yake wanakata tambi, ile inaliza, chukua na leso."

"Wanakula mpaka mwisho?"

"Ya harusi wanakula mpaka unachoka wewe."

Benedicta akajifunza kazi, maana kila kazi ina ujanja wake. Sinema ambayo chakula kinaonyeshwa lakini hakiliwi iliwaacha watu na mate na hasira. Sinema ambayo wanagombana katikati ya mlo iliwapa kiungulia. Ile ya samaki mbichi, Lusekelo mwenyewe alisita, akasema, "Jamani huyu anamla hivihivi, lakini karibuni," na watu kumi na mmoja walishinda chooni mpaka king'ora cha jioni. Ya harusi ndiyo waliyoipenda. Waliirudia mara nne.

Kilichoanza kumtia Benedicta hofu kilikuwa kitu kidogo. Shibe ya sinema ilikuwa haishuki. Mtu alitoka nayo bwaloni, akarudi nayo nyumbani, akalala nayo. Ugali wa jioni akautazama tu. Ilimwisha alfajiri, saa ya kunywa chai ya rangi na kukimbilia kazini. Na shibe hiyo, kumbe, ilijaza tumbo tu. Haikwenda mikononi, wala mashavuni. Dastan alitoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, kisha lingine. Wiki ya nne, Benedicta alimfuata kwa nyuma wakivuka uwanja wa kiwanda, palipojaa vumbi la mbao, akaona nyayo zake mwenyewe, na nyayo za mbwa wa mlinzi. Za Dastan hazikuwapo. Alikuwa anakanyaga, lakini vumbi lilikuwa halimsikii.

Benedicta alirudi akakanyaga pale alipopita mumewe, kwa viatu vyake yeye, ili wengine wasione.

Yotamu, ambaye alianza mapema kuliko wenzake, ndiye aliyetangulia. Ilikuwa Ijumaa, sinema ni ya harusi. Lusekelo alisema karibuni, Yotamu akasema nakaribia, na kwa kuwa alikuwa amebaki mwepesi sana, neno lilimchukua mzima. Benchi lilibaki na kofia yake. Kwenye runinga, mwisho wa ile meza ndefu, baina ya shangazi wawili wa bibi harusi, alikuwa ameketi mtu mwenye ovaroli la bluu, anamenya kiazi. Shangazi mmoja alimwomba chumvi, akampa.

"Yule si Yotamu?" aliuliza mtu.

"Ndiye," wakamjibu, na wakaendelea kutazama.

Sinema ilipokwisha hakurudi. Waliirudisha nyuma, wakamkuta palepale, kwenye mlo ule tu. Kabla ya hapo na baada ya hapo hayupo. Filemoni alifungua daftari la mahudhurio akaandika mtoro. Mtoro hana nyumba ya kiwanda, kwa hiyo wiki ileile mke wake, Yusta, alitakiwa kuhama na watoto. Kabla ya kuondoka aliomba kumwona mumewe. Benedicta alimwekea sinema, akasogeza mbele mpaka mahali penyewe. Yusta alisimama na mtoto mgongoni, akatazama kwa utulivu.

"Amenenepa," alisema.

Kisha akajifunga kanga vizuri, akaenda kupanda gari la Makambako kwa kaka yake.

Kuanzia siku hiyo Benedicta alikuwa anaogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa kitu, hata mochwari, hata radi. Aliogopa saa saba. King'ora kikilia, mikono yake ilikuwa inatafuta mwiko, haiupati. Na aliyechagua kila sinema alikuwa ni yeye.

Jioni alipika ugali na mboga ya maboga, akamketisha Dastan na binti yao, Bertha, wa darasa la pili.

"Baba Bertha, naomba kesho useme asante."

"Nikisema asante nitakula nini mpaka jioni?"

"Nitakupa viazi ufiche kwenye ovaroli."

"Getini wanatupekua. Chakula cha nje kimekatazwa, unajua." Alikuwa ameshika tonge muda mrefu, limepoa mkononi. "Halafu, mke wangu, wale watu wanakaribisha vizuri. Siyo kwamba wanatega."

"Najua hawategi. Wewe sema asante."

Alisema asante siku tatu, kwa ajili yake. Siku ya tatu, saa tisa, njaa ilimfunga macho mbele ya msumeno, na mkono wake wa kushoto ukapita karibu na meno kiasi kwamba glavu ilikatwa kidole kimoja, kidole chenyewe kikabaki. Filemoni alimwita ofisini, akamwonyesha glavu.

"Dastan, sitaki damu kwenye mbao za wateja. Kesho utasema nakaribia kama wenzako, au ubaki nyumbani moja kwa moja."

Na nyumbani penyewe ni pa kiwanda. Benedicta alikaa na jambo hilo mpaka asubuhi, kisha akamwachia flashi mlinzi, akapanda basi la Mbeya kwenda kumwona Lusekelo. Igawa basi lilisimama, na wanawake wakainua sahani za wali na kuku mpaka madirishani. "Karibu mama, karibu chakula!" Benedicta alijikuta amebana midomo kwa mikono miwili. Abiria wa jirani alidhani anataka kutapika, akampa mfuko.

Lusekelo alikuwa na chumba kimoja Mwanjelwa, mablanketi yamepigiliwa ukutani kuzuia kelele za sokoni. Alikuwa mwembamba, mpole, na sauti ile kubwa ikitoka kwake ungetafuta mwenyewe yuko wapi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakubisha hata neno.

"Na mimi nimeanza kuliona hilo, mama. Kuna mtu wa Rujewa, wa mashine ya mpunga, kaleta malalamiko kama yako. Nikasema basi, ngoja nilitoe hilo neno. Njoo uone."

Akamwonyesha sinema ya bibi na binti wa tambi, aliyoirekodi upya bila karibuni. Tambi zilikatwa, zikachemshwa, zikapakuliwa. Bibi aliinua vijiti, akavishusha. Binti naye akashusha. Wote wawili wakageuka, wakatazama nje ya kioo, wakawatazama Benedicta na Lusekelo, wakangoja. Mvuke wa bakuli ukapungua, ukaisha. Binti alianza kulengwa na machozi.

"Nusu saa wanakaa hivyo," Lusekelo alisema. "Hawali. Nimewazoesha, sasa wanaona aibu kula bila kukaribisha watu. Mimi siwezi kuwafanyia hivi, mama. Mtoto yule ana njaa."

Akazima. Benedicta alimshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, akamuaga, akaondoka. Njiani, kwenye basi, lile bakuli lililopoa lilimjia tena na tena, na alipofika Makambako lilikuwa limegeuka mpango. Kama hakuna anayekaribisha, hakuna anayekwenda. Kama hawali, hakuna anayeshiba. Na watu arobaini na wawili wenye njaa mbele ya misumeno, Filemoni atawapa nini? Atawasha moto. Hana namna.

Asubuhi alikuwa dukani kabla Zuena hajafagia.

"Dada Zuena, nipe ya kupika ambayo haijatafsiriwa. Lusekelo asiwemo kabisa. Na meza yake isiwe na nafasi."

Zuena alifikiri, akizungusha ufagio. "Ipo. Hakuna anayeichukua. Mama mmoja yuko peke yake kijumba cha mlimani, anapika supu tangu mwanzo mpaka mwisho. Lugha yake sijui hata ni ya wapi. Meza ina kiti kimoja."

"Hicho kimoja anakalia nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Nipe hiyo."

Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya miezi miwili. Alifungua lile jiko, akapindua sufuria kubwa, akaifuta buibui. Akapanga kuni chache alizoziokota kando ya uzio. Alikuwa na furaha kidogo, na furaha yenyewe ilimwogopesha.

Saa saba wafanyakazi waliketi. Mama wa sinema alimenya karoti, akakata mfupa, akachochea moto. Hakukuwa na sauti ya Lusekelo, ni maji kuchemka tu na upepo. Watu walinung'unika. Mmoja aliuliza kama spika imeharibika. Benedicta alisimama mlangoni, macho kwa Dastan, ambaye alikuwa kwenye benchi la mbele, mwepesi hivi kwamba alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mkono.

Mama alipakua supu. Aliketi kwenye kile kiti kimoja. Akainua kijiko, akakishusha, akageuza uso wake akalitazama bwalo.

Akangoja.

Supu ilitoa mvuke. Watu arobaini na wawili waliangalia chini, viatu vyao. Dakika zilipita, na mvuke ukaanza kukonda, na yule mama hakula. Alikuwa mtu mzima, ana nywele nyeupe, mikono yake imepasuka kwa baridi. Kisha alisema neno moja, kwa lugha yake. Hakuna mtu bwaloni aliyeijua lugha ile, na hakuna ambaye hakuelewa alichosema.

Benedicta alimwona mumewe anainua kichwa. Alijua kabla Dastan hajafungua mdomo, kwa sababu alikuwa ameishi naye miaka kumi na minne na hakuwahi kumwona akimwacha mtu na aibu mkononi.

"Nakaribia, mama," Dastan alisema, kwa upole. "Usile peke yako."

Benchi likawa na nafasi. Kule kijumbani, mlango ulifunguliwa, akaingia mtu mrefu mwenye ovaroli la bluu na glavu yenye kidole kilichokatwa. Aliona hakuna kiti cha pili. Akapindua ndoo iliyokuwa karibu na moto, akaikalia. Yule mama alifuta machozi kwa aproni, akampakulia, na wakala.

Benedicta alihisi mambo matatu kwa mpigo, na aliyahisi yote sawasawa: hofu, ambayo sasa haikuwa na la kungojea, aibu, kwa kuwa ni yeye aliyeichagua, na wivu, mkali, wa kijinga, kwa mama mwenye nywele nyeupe aliyemshibisha mume wake kwa kijiko kimoja.

Mchana huo watu walifanya kazi na njaa. Filemoni hakuwasha moto. Alipeleka sinema Mbeya kwa basi la saa tisa, ikarudi kesho yake ikiwa na sauti ya Lusekelo, na karibuni mahali pake. Supu ile, walisema wote, ilikuwa nzuri kuliko ya harusi. Ikawekwa kuwa ya kila Alhamisi. Kwenye daftari Dastan aliandikwa mtoro, ila nyumba hawakumnyang'anya Benedicta, kwa kuwa naye ni mfanyakazi. Ilimradi aendelee kuchagua. Getini likabandikwa tangazo la nafasi mbili za kazi, ya kupakia magogo na ya msumeno, chakula cha mchana kipo. Foleni ilifika mpaka barabara kuu.

Alhamisi moja, wiki ya tatu, watu walipokwisha kurudi kwenye misumeno, Benedicta alibaki bwaloni peke yake, akairudisha sinema mpaka mahali penyewe. Alikuwa hajala tangu jana jioni. Mpishi asiyepika hana hata cha kuonja. Dastan aliingia, akaketi juu ya ndoo. Mashavu yamerudi. Mkanda ameulegeza mpaka tundu la zamani. Yule mama alimpakulia, naye akashika kijiko, kisha akakiweka chini. Akageuka akamtazama mke wake. Akasogea, akaacha nusu ya ndoo wazi.

"Karibu, mama Bertha," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Benedicta aliisikia harufu ya karoti na mfupa na moshi wa kuni. Visigino vyake vilikuwa vimekwisha kunyanyuka kutoka kwenye ndala. Aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi, na Bertha alitoka shule saa nane.

"Asante," alisema.

Dastan alimwangalia kwa muda mrefu, maana alijua asante ni nini. Kisha akachukua kijiko akala, asije akamtia aibu. Benedicta alichomoa flashi, akaivika kifuniko chake, akavaa ndala, akatoka. Kesho ilikuwa Ijumaa, na alikuwa bado hajachagua.